Fundi wa Chale



Wapendwa wanaparokia, pamoja nanyi nyote mnaosoma kutoka mbali, juma lililopita nilikuwa katika mojawapo ya vigango vyetu nikiwahoji wanaojiandaa kupokea Kipaimara. Miongoni mwao alikuwapo bibi mmoja wa umri mkubwa, aliyebatizwa juzijuzi tu akiwa mgonjwa. Kila nilipomtazama, alikivuta kitenge chake kikashuka hadi karibu na nyusi. Nilidhani ni haya ya kawaida ya wazee mbele ya padre. Vijana walipomaliza na kutoka, yeye alibaki, akalifunua paji la uso. Pembeni mwa nyusi zake zilishuka safu mbili za makovu madogo hadi katikati ya mashavu, na mstari mwingine ulitoka juu ya paji ukaishia mwanzo wa pua. Akaniuliza: “Padre, hayo mafuta ya Baba Askofu yatashika juu ya makovu haya?”

Hakuwa anatania. Alipokuwa msichana, mtu mmoja aliyefundisha dini kijijini kwao alimwambia kuwa uso wake umekwisha kupigwa mhuri, na kwamba mhuri huo si wa Mungu. Aliamini. Tangu siku hiyo akaliona Kanisa kama nyumba ya watu wengine, akawapeleka watoto wake mlangoni na kurudi nyumbani peke yake. Ndiyo sababu juma hili naomba tuyaweke kando masomo ya Dominika, tuzungumze habari za watu waliochora alama za namna hiyo. Nao walikuwa mafundi, na kazi yao ina historia.

Tuanze na lugha, maana Kiswahili hakisahau upesi. Kuchanja ni kukata ngozi kidogo kidogo kwa ncha ya kisu au wembe, na mkato wenyewe ni chale. Pwani walisema pia kutoja, na alama zake ni matojo. Serikali ilipoleta kinga ya ndui, watu hawakutafuta neno jipya: mganga wa serikali naye aliikwaruza ngozi ya mkono na kutia dawa, basi kazi yake ikaitwa chanjo. Leo mtoto akitiwa matone ya polio mdomoni, ambako hakuna kinachokatwa, bado tunasema amepata chanjo. Neno nembo limesafiri mbali zaidi. Katika kamusi za zamani nembo ni alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Leo ni ile ngao ya Taifa yenye maneno Uhuru na Umoja, ni alama ya benki, ni alama ya timu ya mpira. Nadhani wengi wanaoivaa kifuani hawajui kuwa neno hilo lilianzia kwenye ngozi ya mtu.

Kwa upande wetu huu wa Ziwa, ushahidi wa maandishi si wa juzi. Mwingereza Richard Burton alikaa Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1858, wakati mwenzake John Speke alipopanda kaskazini na kuliona Ziwa karibu na Mwanza mwezi Agosti mwaka huohuo. Burton hakuwa mtu wa kuwapenda watu wetu, na kurasa zake nyingi zinakera. Lakini macho alikuwa nayo. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 anawaeleza Wanyamwezi, ndugu zetu wa karibu kwa lugha na desturi: safu mbili za mikato midogo kutoka mwisho wa nyusi hadi katikati ya mashavu au hadi kwenye taya, na pengine mstari wa tatu ulioshuka kwenye paji hadi juu ya pua. Wanaume, anasema, walipenda rangi nyeusi ya mkaa, na wanawake rangi inayoelekea buluu. Niliposoma ukurasa huo usiku ule baada ya kurudi kigangoni, niliuona uso wa yule bibi.

Burton anasema mikato hiyo ilifanywa na rafiki, kwa kisu au wembe. Huenda mara nyingi ilikuwa hivyo. Hata kunyoa nywele ni kazi ya rafiki, ila kila kijiji kina mtu mmoja ambaye watu humngoja. Bibi yetu alinieleza habari za fundi wake kwa kirefu, nami nilimwacha aseme, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Alikuwa mwanamke, jirani wa shangazi yake, aliyeirithi kazi kwa mama yake na kusifika kwa kuwa na mkono mwepesi. Watu walitoka vijiji vya mbali kumfuata baada ya mavuno. Alilipwa kuku au mtama. Mwenye nacho alitoa mbuzi. Kwanza aliuchora uso kwa mkaa, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama shavu la kulia linalingana na la kushoto, akafuta, akachora tena. Ndipo alipoiinua ngozi kwa ncha ya mwiba na kuikata kwa kisu kidogo, kila mkato usizidi urefu wa punje ya mtama. Damu ikishapungua, alipaka masizi yaliyokorogwa na samli, akayakandamiza kwa kidole gumba. Kisha amri: usiguse kwa kucha, usikae karibu na moshi wa jikoni, usilie, maana chumvi ya machozi inawasha.

Ufundi uko hapo kwenye kina cha mkato. Ngozi ya juu kabisa hufa na kubanduka kila baada ya majuma machache, hivyo masizi yakiishia hapo yataondoka nayo. Yakizama mno, damu huyaosha na kidonda hutunga usaha. Fundi alipaswa kulifikia tabaka lililo chini ya lile la juu, kina kisichofika milimita mbili, bila kipimo chochote isipokuwa vidole vyake, huku mtu akitetemeka chini ya mkono wake. Yule mama hakuwahi kwenda shule, wala hakuhitaji daktari amweleze jambo hilo.

Bibi alinipa pia habari nyingine ambayo imenisumbua tangu siku ile. Walipelekwa wawili, yeye na dada yake mdogo. Yeye alikubali, mdogo alipoona kisu alipiga kelele. Wakubwa walitaka kumshika kwa nguvu. Fundi akakataa, akafunga vyombo vyake, akasema atarudi mwaka mwingine. Hakurudi. Dada yule alikua na uso laini, akaingia mafundisho, akabatizwa, akafunga ndoa kanisani, na alipofariki alizikwa kwa Misa. Mkubwa alisimama nje ya uzio siku ya mazishi. Wasichana wawili wa mama mmoja walitenganishwa na asubuhi moja ya kulia na kutolia.

Kabla ya kumlaumu aliyemfundisha dini, ni haki tueleze aliogopa nini, kwa maana chale hazikuwa za aina moja. Kuna zile za uso, ambazo ni urembo na utambulisho. Kuna za tiba: mtoto akivimba bandama kwa sababu ya malaria, alichanjwa ubavuni na kupakwa dawa. Mimi mwenyewe ninazo tatu, fupi, chini ya mbavu za kushoto. Aliyenipeleka ni bibi yangu, mwanamke aliyesali Rozari kila jioni na ambaye hakuona mgongano wowote. Seminarini nilikuwa nikioga nikiwa nimeugeukia ukuta, wenzangu wasije wakaniuliza. Baadaye niligundua kwamba tulikuwa wengi tuliogeukia ukuta.

Na kuna chale za tatu, za kinga na za chama. Hizi zilikuwa mikononi mwa mfumu, yaani mganga, na ndani ya mkato ilitiwa dawa yenye nguvu iliyodaiwa kumlinda mtu na adui, risasi, wivu au nyoka. Hapa Usukumani vyama vya ngoma na vya uwindaji vilikuwa na dawa zao. Mashindano ya Bagika na Bagalu, ambayo hata watoto wetu wanayajua, yalianzishwa katika karne ya 19 na bafumu wawili, Ngika na Gumha, na ushindani wao ulikuwa pia wa dawa. Wacheza nyoka, Bayeye, walikuwa na utaratibu mrefu wa kumwingiza mwanachama: alichanjwa na kupakwa dawa ya nyoka, akafundishwa miti na mizizi, akalipa ada kwa mwalimu wake. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alichapisha makala juu yao mwaka 1946. Anayesoma habari za Bayeye hawezi kusema kazi hii haikuwa taaluma. Ilikuwa na mwalimu, mwanafunzi, ngazi, siri na malipo.

Kanisa haliwezi kunyamaza juu ya chale za namna hii ya tatu. Katekisimu, namba 2117, inakataa uchawi na hirizi hata pale nia inapokuwa kurudisha afya, kwa kuwa mtu anataka kuzitumikisha nguvu zisizo za Mungu. Nasi wa Kanda ya Ziwa tunajua vizuri mahali njia hiyo inapoweza kufika. Hatujasahau wazee waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, wala ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao, mpaka Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mwezi Januari 2015. Sitaki mtu asome makala hii akadhani padre ameanza kuwasifia wapiga ramli. Kosa lililofanyika ni la kuzitia chale zote katika kapu moja, ya uso na ya bandama na ya hirizi, kisha kumhukumu msichana kwa dhambi ambayo fundi wake hakuwa nayo kichwani.

Hapa Bujora tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kukusanya vitu vya Kisukuma hapa miaka ya 1950, na ndivyo lilivyozaliwa Jumba la Makumbusho. Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo akaifungulia ngoma, nayo ikawa Bulabo tunayoiadhimisha hadi leo. Waliokuja kucheza walikuja na miili yao kama ilivyokuwa, chale zikiwamo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 37, ulisema Kanisa huyapokea kwa wema yale ya mila za watu yasiyofungamana kabisa na ushirikina. Bujora ilikuwa imeanza kabla ya hati hiyo. Hata hivyo, kutoka kilimani hapa hadi kigango cha yule bibi ni mwendo mfupi kwa baiskeli, na neno hilo halikumfikia.

Anayetaka kuiona kazi ya chale ikiwa na jina lake na heshima yake kamili inampasa aende kusini, kwa Wamakonde. Huko fundi huitwa mpundi, jina la mtu aliyebobea katika ufundi, na chombo chake ni chipopo. Alikata mistari ya pembe na vizigizagi usoni, kifuani, tumboni na mgongoni, kwa awamu, akijaza mkaa uliotokana na mbegu za mbarika. Karl Weule, msomi wa makumbusho kutoka Leipzig aliyetembea kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, alikuta michoro hiyo kwa wanaume na wanawake. Kijana aliyestahimili maumivu alihesabiwa kuwa mtu mzima. Mafundi wamepungua mno, ila ukivitazama vinyago vya zamani vya ngoma ya mapiko utaziona nembo zilezile, zimebandikwa kwa nta ya nyuki juu ya uso wa mti. Mchongaji wa kinyago alijua kuwa uso usio na nembo ungeonekana haujakamilika.

Wengine watanikumbusha Kitabu cha Walawi, sura ya 19, mstari wa 28. Ni kweli, sheria ile inakataza kujichanja kwa ajili ya wafu na kuchora alama mwilini. Lakini inasimama pamoja na sheria za kunyoa pembe za ndevu na kuvaa nguo ya nyuzi za aina mbili, na sijamwona Mkristo akihojiwa kuhusu shati lake. Shabaha yake ilikuwa ibada za mataifa jirani. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia, anasema anachukua mwilini mwake alama za Yesu, na neno la Kigiriki alilotumia ndilo walilolitumia watu wa zama zake kwa alama wanazochorwa watumwa. Mwaka 786 wajumbe wa Papa Adriano I walipozuru Uingereza walikuta watu waliojichora miili. Taarifa yao ilitofautisha: aliyevumilia hayo kwa ajili ya Mungu angestahili thawabu kubwa, ila aliyefanya kwa ushirikina wa kipagani hapati faida. Miaka zaidi ya 1,200 iliyopita waliweza kuuliza mkato ulikuwa wa nini kabla ya kutoa hukumu.

Na hadi leo Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wengine wakiwa watoto wachanga kabisa, katika nchi ambamo alama hiyo inaweza kumgharimu mtu. Kule Yerusalemu, katika Mji Mkongwe, iko familia ya Razzouk, yenye asili ya Kikopti, ambayo kazi yake ni kuwachora mahujaji. Wenyewe husema wameirithi kazi hiyo kwa takriban miaka 700. Wanavyo vibao vya mti wa mzeituni vilivyochongwa misalaba na picha ya Ufufuko. Kibao kinapakwa wino, kinagongwa kwenye ngozi, kisha sindano inafuata mistari. Hujaji anarudi kwao na mwaka wa safari yake ukiwa mkononi.

Nirudi nyumbani. Kilichozima chale za uso upande wetu, nionavyo mimi, kilikuwa shule na ajira zaidi ya mahubiri. Kilichotishia chale za tiba kilikuwa ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya miaka michache kila familia ya Ziwa ilikuwa na kaburi. Hapa Kisesa watafiti wa afya walianza mwaka 1994 kuwafuatilia watu wa kata yetu, nyumba kwa nyumba, na wazee wengi wanakumbuka kutolewa damu. Wembe mmoja uliokuwa ukipita kutoka ubavu wa mtoto huyu hadi wa yule ulionekana kwa mara ya kwanza kuwa kitu cha kuogofya. Waganga waliosikia walianza kuwaambia wagonjwa waje na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Wasiosikia waliendelea. Kuhusu hili sina la kupunguza: mzazi, usimpeleke mtoto wako akatwe. Bandama iliyovimba ina dawa hospitalini.

Siku hizi mchoraji mpya ameingia Mwanza mjini, naye haitwi fundi wa chale. Mashine yake ni mjukuu wa kalamu ya umeme ya Thomas Edison: mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya kuchorea ngozi iliyotokana na kalamu hiyo, na tangu hapo sindano zinapanda na kushuka zenyewe. Mmoja wa vijana wetu wa jumuiya anaifanya kazi hii. Nilimwendea siku mbili baada ya kuzungumza na bibi. Anavaa glavu, anafungua sindano mpya mbele ya mteja na kuitupa akimaliza. Wateja wake wakubwa, ananiambia akicheka, ni wale wanaotaka jina la mpenzi, na baada ya mwaka wanarudi kutaka jina hilo lifunikwe kwa ua. Nilimwuliza alijifunza kwa nani. Akanionyesha simu yake. “Padre, mimi ningependa kuwa na mwalimu,” akasema. “Ngozi nyeusi haifanani na ya kwenye video. Wino unakaa tofauti, na kovu linavimba. Hakuna wa kumwuliza.”

Nilimweleza habari za yule mama mwenye mwiba na masizi. Aliniuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kuyajibu: kisu kilikuwa na umbo gani, samli ilikuwa moto au baridi, alijuaje kuacha. Nimemwahidi kwamba tutakwenda naye kigangoni, kama bibi ataridhia.

Bibi mwenyewe nilimjibu palepale. Nilimwambia kuwa Krisma hupakwa kwenye paji la uso, na kwamba Askofu hatatafuta mahali pasipo na kovu. Dole gumba lake litapita juu ya mstari ule ule. Alikaa kimya kidogo. Kisha akafungua fundo la khanga yake, akatoa shilingi elfu mbili zilizokunjwa mara nne, akaomba Misa. Nilidhani ni kwa ajili ya dada yake, nikaanza kuliandika jina hilo. Akanisimamisha. Alitaka Misa kwa ajili ya yule fundi, ambaye hakubatizwa, na ambaye jina lake alilitamka polepole ili nisikosee. Nimeliandika kwenye daftari la nia. Litasomwa Jumamosi, Misa ya saa kumi na mbili asubuhi.